Bawaba Thelathini na Sita

4 Februari

Baba Mdogo, shikamoo.

Naandika nikiwa nimekaa juu ya meza ya karakana ya shule, maana humu mna viti viwili tu: kimoja hakina mguu, kingine ni cha mkuu wa idara, na mkuu wa idara hapendi kikaliwe. Ningekupigia simu, lakini ungesikia nusu na nusu nyingine ungejibu "eeh, eeh" kama kawaida yako. Masikio uliyaacha kwenye nyundo zamani. Basi tuendelee na barua.

Nimefika salama kwenye mazoezi ya kufundisha. Huu ni mwaka wa tatu wa digrii, na kwenye digrii yetu ya ualimu wa teknolojia na uhandisi, mwaka wa tatu ndio mwaka wenyewe. Wa kwanza walitupa hesabu na uchoraji wa kihandisi, nikalia. Wa pili wakatupa umeme na saikolojia ya elimu, ambayo mpaka leo sijui ilitaka nini kwangu. Wenzangu wa miaka ishirini waliniita Bibi kwa sababu nina thelathini na saba, lakini tukiingia karakana ni Bibi huyo huyo aliyekuwa anaulizwa kila kitu. Sasa tumetawanywa mashuleni, mmoja mmoja, tukafundishe wanafunzi wa kweli muhula mzima. Mhadhiri wetu wa Mbinu za Kufundisha atapita kutukagua. Ukifaulu unaingia mwaka wa nne. Ukianguka unakaguliwa mara moja nyingine, na ukianguka tena unatolewa kwenye digrii, miaka mitatu yote imekwenda na maji.

Mimi sina wasiwasi. Nina wanafunzi thelathini na sita na jiliwa kumi na mbili za kubania chuma, nne kati yake zimekufa meno. Nimewapa kazi ya bawaba. Kila mmoja atengeneze bawaba moja ya mlango: akate bamba, alainishe kingo kwa tupa, akunje, aingize pini. Wanavyokitesa chuma, ungelia. Pembe zimelala, mikunjo haikutani, pini inaingia kwa kuombwa. Nilivumilia siku mbili. Siku ya tatu nikabaki baada ya vipindi nikanyoosha zile mbovu kidogo tu. Haya, nisikudanganye, nilinyoosha zote. Asubuhi wanakuta bawaba zao zinafunguka vizuri, wanaonyeshana, darasa linachangamka. Tangu hapo ndio mtindo wetu, wao wanafanya mchana, mimi namalizia jioni. Mhadhiri akija atakuta bawaba thelathini na sita ambazo hata wewe na ubishi wako ungezipitisha.

Lakini mbona barua yako ya mwisho ilikuwa na mwandiko wa Mama Mdogo? Umechoka kuandika, au umechoka na mimi?

Mwanao,
Mashoto


15 Februari

Mashoto,

Marahaba. Miwani yangu imevunjika. Mimi nasema, Mama Mdogo wako anaandika, na nimemwambia aandike kama ninavyosema asitie chumvi.

Umefanya vizuri kunyoosha hizo bawaba. Kazi mbovu haitoki kwenye karakana aliyopo mtu wangu, hata kama karakana yenyewe ni ya shule. Wewe ulikuja kwangu una miaka kumi na tisa, unashika tupa kama unakoroga uji. Nilikuwa nakunyang'anya, nafanya mwenyewe, wewe unatazama. Ukikosea, nakunyang'anya tena. Sikukupigia hotuba hata siku moja, na tazama ulivyokuja kuwa. Hao wanaokufundisha kufundisha, wakikuletea maneno mengi, wasikilize ufaulu mtihani, kisha uyaache hapo hapo.

Huku kazi zipo. Juzi tumefunga geti la zahanati, milango miwili, linasukumwa kwa kidole kimoja. Mganga mkuu alitoka na koti lake jeupe akalifungua na kulifunga mara nne, wagonjwa wanamsubiri. Wiki ijayo tuna madirisha ya chekechea. Kwa hiyo usinifikirie mimi, fikiria masomo yako.

Na huyo mhadhiri asikutishe. Mwambie ashike bawaba moja tu. Akiishika atajua.

Baba Mdogo

(Mimi Mama Mdogo. Nimeambiwa nisitie chumvi, kwa hiyo nasema tu kwamba hajambo na anakula. Miwani nayo haijambo. Tuandikie zaidi.)


3 Machi

Baba Mdogo, shikamoo.

Alishika bawaba, akajua.

Alikuja Jumatatu. Ni mtu mfupi, mpole, anafuta miwani kila anapotaka kukuumiza. Alikaa kwenye kile kiti cha mkuu wa idara bila kuuliza, akatazama kipindi kizima, na mimi nikafundisha vizuri, au nilidhani hivyo. Mwisho akaniletea fomu nisaini. Nikasaini. Akautazama mkono wangu. Kisha akaenda kwenye rafu ya bawaba, akachukua nne, akasogea dirishani kuzigeuza kwenye mwanga. Akarudisha, akachukua nne nyingine. Akafuta miwani.

"Mwalimu," akasema, "michirizi ya tupa kwenye hizi bawaba zote imelala upande mmoja. Zimepigwa na mtu mmoja, na mtu huyo anatumia mkono wa kushoto. Una wanafunzi wangapi wa mashoto?"

Nikasema sina hata mmoja. Ningesema nini kingine?

Akamwita msichana mmoja, sisi tunamwita Kimya, ambaye bawaba yake ndiyo ilikuwa nzuri kuliko zote. Akampa bamba jipya na tupa, akamwambia asawazishe ukingo mmoja tu. Baba Mdogo, yule mtoto alishika tupa kwa mkono mmoja kama mtu anayepaka siagi. Anasukuma, anavuta, tupa inateleza, inalia, naye hatazami chuma, ananitazama mimi. Nilishtukia nimeshafika pale na mkono nimeshaunyoosha kuichukua tupa. Mhadhiri akasema, "Mwache." Kimya akaiweka tupa mezani, akaniambia polepole kwamba alijua siku nyingi kuwa ile bawaba si yake. Wote walijua. Zile furaha za asubuhi walikuwa wananifanyia mimi, kwa sababu waliona nafurahi.

Hilo ndilo limenimaliza. Watoto thelathini na sita walikuwa wananionea huruma, mimi nikadhani nawafundisha.

Nimeanguka. Kwenye ripoti ameandika mistari miwili: mwalimu anaijua kazi, wanafunzi hawajui kitu. Anarudi tarehe 14 Aprili, na hiyo ndiyo mara ya mwisho.

Sasa nisikufiche. Sijui njia nyingine ya kufundisha. Kazi ikiwa mkononi mwangu naiona yote, ikihamia mkononi mwa mtu mwingine sioni kitu ila kosa, na mkono unatoka wenyewe. Na kuna jambo jingine linanisumbua, sijui nilisemeje. Mimi nilifundishwa hivi hivi. Kama hawa hawajui kitu, mimi nilijulia wapi? Ninachokijua ni changu kweli, au ni chako umekiacha kwangu?

Naona afadhali nitoke kabla sijatolewa. Meza yangu pale karakana bado ipo? Ukisema nije, Ijumaa nafunga sanduku.

Mashoto


11 Machi

Mashoto,

Huyo mtu ana adabu gani? Anakaribishwa kwenye karakana ya watu, anakaa kwenye kiti asichopewa, anamwaibisha mwalimu mbele ya wanafunzi wake, kisha anafuta miwani. Mwambie aje kwangu. Nitampa tupa nione yeye michirizi yake inalala wapi.

Hakuna mtu wa kukutoa mahali wewe. Unatoka mwenyewe, kwa miguu yako, kichwa juu. Meza yako ipo, na msumari wa kutundikia aproni yako upo. Kazi hapa ni nyingi kuliko watu. Njoo.

Baba Mdogo


11 Machi, jioni

Mwanangu,

Hii inakuja ndani ya bahasha moja na ile ya Baba Mdogo. Ile nimeiandika neno kwa neno kama alivyosema. Hii ni yangu, na yeye hajui. Isome kabla hujagusa sanduku.

Baba Mdogo wako hajavunja miwani. Alivunja mkono. Mwezi wa kumi na mbili, siku moja kabla hujaja likizo ukaambiwa amesafiri kufuata vyuma, alianguka kutoka kwenye ngazi akitundika geti la watu. Alikuwa hospitali. Mkono wa kulia, hapa kwenye kifundo, karibu na kiganja. Mfupa umeunga lakini vidole havifungi. Daktari anasema vitafunga kidogo, siyo kama zamani. Kijiko anashika. Tupa hashiki. Aliniapisha nisikwambie, kwa sababu alijua utaacha masomo urudi kumsaidia, na mimi nikaapa. Leo amekwambia uje, hasira zimemshinda, kwa hiyo kiapo amekivunja yeye kwanza.

Sasa utauliza geti la zahanati nani kalitengeneza. Nimelitengeneza mimi.

Usicheke. Au cheka, mimi mwenyewe nilicheka. Miaka ishirini na nane nimekaa chumba cha pili na cherehani yangu nikisikia nyundo za mume wangu ukutani, na sikuwahi kushika hata bisibisi. Lakini wateja walikuwa wamengoja wiki tatu na yeye alikuwa amekaa kwenye kigoda anautazama ule mkono. Nikavaa aproni yako, samahani, nikamwambia haya, niambie nifanye nini.

Siku za kwanza zilikuwa balaa. Nikikosea tu anaruka kutoka kwenye kigoda ananinyang'anya kwa mkono wa kushoto, kitu kinaanguka, anatukana chuma, ananinunia mpaka asubuhi. Nilimwambia wewe baba, ukininyang'anya mara nyingine narudi kwenye nguo zangu ubaki na geti lako. Nikaenda nikamshonea mfuko mkubwa mbele ya aproni yake, wenye kifungo. Ule mkono wa kushoto ulio mzima unakaa humo, kifungo kimefungwa. Akitaka kuutoa lazima asumbuke kwanza, na akisumbuka anapata muda wa kufikiri. Tangu hapo anatumia mdomo.

Na mwanangu, yule mtu anajua kufundisha. Sikujua, naye hakujua. Wewe hakukufundisha, alikuonyesha tu, na ukaokota mwenyewe ulichookota kwa sababu wewe ni wewe. Mimi amenifundisha kwa sababu hana mikono.

Usije. Nasema hivi nikikupenda. Ukija leo, yeye atakaa kwenye kigoda akae hivyo hivyo mpaka mwisho, na wewe utaninyang'anya tupa kabla hujavua viatu. Kaa huko umalize.

Nijibu kwa jina langu. Barua zangu hafungui, anadhani zote ni za vitambaa.

Mama Mdogo wako


20 Machi

Mama Mdogo, shikamoo.

Nimeisoma barua yako mara nne. Ya kwanza nilikasirika. Nilikuja nyumbani siku kumi, nikala kwenu, nikalala kwenu, ukinitazama usoni ukaniambia amefuata vyuma. Ya pili nililia. Ya tatu nikacheka pale kwenye kifungo, mwenzangu wa chumba akadhani nimepata wazimu. Ya nne niliisoma kama mwanafunzi, na kalamu mkononi.

Sanduku sijaligusa. Nimebakiwa na wiki tatu na siku nne. Tafadhali niandikie anavyosema. Nataka maneno yenyewe. Ukiwa umekosea na yeye mkono uko mfukoni, anaanza na neno gani? Nimejaribu wiki hii kukaa kimya, lakini nikikaa kimya wanafunzi wanakwama, na nikifungua mdomo natoa amri, na amri nazo ni kunyang'anya, tofauti ni kwamba natumia sauti. Kuna kitu kingine yeye anafanya, na sikijui.

Mkono wake anaufanyia mazoezi? Usinifiche tena.

Mashoto


27 Machi

Mwanangu,

Mazoezi anafanya, anakamua kitambaa chenye maji asubuhi na jioni, analalamika kama mtoto. Sikufichi tena.

Nimejaribu kumsikiliza wiki nzima ili nikuandikie, na jambo lenyewe ni dogo mpaka naona aibu. Anauliza. Basi.

Unajua hasikii. Zamani kosa alikuwa analijua kwa mkono, anagusa chuma kinamwambia. Sasa mkono hana, na masikio hana. Akae kule kwenye kigoda atajuaje mimi ninafanya nini? Lazima aniulize mimi. Ananipigia kelele, "Inasikikaje?" Nami namjibu kwa kelele vilevile, majirani wanajua tunagombana. Nasema inalia. Anasema inalia ikienda au ikirudi? Sijui, kwa hiyo napiga tena nisikilize, na nikisikiliza nagundua kumbe naigandamiza tupa hata ikirudi, na tupa inakula ikienda tu. Yeye hajasema kitu. Nimejiambia mwenyewe wakati nilikuwa namweleza yeye.

Siku nyingine inalia sana, kelele za kukata masikio, nami nakuja juu kwamba tupa yako mbovu. Anasema weka kidole kwenye chuma huku unapiga. Naweka, kinatetemeka. Anauliza, kwa nini kitetemeke? Natazama, kumbe nimekibana juu mno, kimechomoza kwenye jiliwa nusu nzima. Nakishusha, kelele zinakwisha. Angenishushia yeye, kesho ningekibana juu tena.

Na wakati mwingine mimi sijui jibu na yeye naye hajui, kwa sababu haoni vizuri kutoka pale. Basi tunatafuta wote. Hapo ndipo ninapojifunza zaidi, sijui kwa nini. Labda kwa kuwa sioni haya.

Kuchomelea nimeanza wiki iliyopita. Nimemwambia mshono ni mshono, iwe kitambaa iwe chuma, akasema funga mdomo uvae miwani. Lakini alicheka.

Nakutumia kifurushi. Aproni yako nimekurudishia, nimejishonea nyingine. Nimeitia mfuko na kifungo. Upande wa kushoto.

Mama Mdogo


15 Aprili

Baba Mdogo na Mama Mdogo, shikamooni.

Nimefaulu.

Naanza na hilo ili Mama Mdogo asiruke mistari kama anavyofanya. Nimefaulu, naingia mwaka wa nne, nimekaa kwenye ngazi za karakana na sijui nifanye nini na mwili wangu. Nimekunywa maji vikombe vitatu. Nimefagia karakana iliyokuwa imeshafagiliwa.

Baba Mdogo, kwanza nikuombe radhi kwa jambo moja. Najua habari ya mkono. Najua tangu mwezi wa tatu. Usimgombeze Mama Mdogo, maana bila yeye ningekuwa nimekwisha rudi huko na sanduku, sote wawili tungekuwa tumekaa kwenye vigoda. Pole sana, baba yangu. Nimeumia kwamba uliumwa nami sikuwepo, na nimeumia zaidi kwamba nilikuwepo siku kumi nikadanganywa. Lakini nimekuelewa. Tuliache hapo.

Sasa nikusimulieni ilivyokuwa.

Bawaba zote za zamani nilizirudisha kwa wanafunzi, nikawaambia ukweli mbele ya darasa. Niliwaambia hizi ni zangu, niliwaibia kazi yenu, tunaanza upya. Mmoja akauliza kama ataruhusiwa kubaki na ile nzuri aitie mlangoni kwao. Nikamwambia aichukue. Kisha nikavaa aproni, nikatia mkono mfukoni, nikafunga kifungo, na wiki mbili nikauliza maswali mpaka wakachoka na mimi. Inasikikaje? Inalia wapi? Weka kidole, unahisi nini? Wiki ya kwanza walinichukia. Mmoja alisema wazi kwamba mwalimu siku hizi hajui kitu, kila kitu anatuuliza sisi. Mara mbili nilivuta mkono nikakata uzi wa kifungo. Niliushona tena.

Jana Mhadhiri akaja. Kwenye rafu kulikuwa na bawaba ishirini na tisa tu, saba hazijakwisha, na zile ishirini na tisa ni aibu tupu. Michirizi imelala kila upande duniani. Moja inafunguka haifungi. Nikawaza, huyu safari hii ataandika kwamba hata mwalimu mwenyewe haijui kazi.

Akazunguka, akasimama kwa Kimya. Bawaba yake inakwama katikati. Mhadhiri akaifungua, ikakwama, akaifunga, ikakwama, akasema kwa upole wake ule ule kwamba hii ni mbaya. Mimi mkono ukaja mbio mpaka kwenye kifungo. Na Kimya, ambaye muhula mzima ukimuuliza jina lake anatazama chini, akamjibu:

"Ndiyo, mbaya. Nilikunja kabla sijapima, mkunjo wa kati ukawa mrefu kuliko wenzake. Ukiweka kidole hapa utausikia. Hii nitaiacha hivi hivi. Ninaanza nyingine, na hii nyingine nimeshapima."

Mhadhiri akaweka kidole pale. Akausikia. Akawauliza wengine watano, kila mmoja akamwambia bawaba yake ina ugonjwa gani na ameupataje. Yule wa mwisho alimweleza mpaka ugonjwa wa bawaba ya jirani yake, bila kuombwa. Wakati wote huo mimi nilikuwa nimesimama karibu na dirisha sina kazi. Sijawahi kukaa bila kazi kwenye karakana tangu nizaliwe. Kisha akanijia, hakufuta miwani, akanipa fomu nisaini, na kwa kuwa mkono ulikuwa umefungwa kifungo ilibidi asubiri. Akauliza huo mfuko ni wa nini. Nikamwambia ndio mbinu yangu ya kufundisha. Akaandika.

Mama Mdogo, mfuko wako umo kwenye ripoti ya chuo.

Nimelala leo mchana saa nne mfululizo kwa mara ya kwanza tangu Februari. Likizo nakuja. Nitakuja kama mgeni, sitagusa kitu karakana isipokuwa niombwe, na Mama Mdogo ndiye atakayeniomba.

Mwanenu,
Mashoto


26 Aprili

Mwanangu Mashoto,

Hii nimeandika mwenyewe kwa mkono wa kushoto. Leo ni siku ya tatu niko juu yake. Herufi ni kubwa na zimelewa, vumilia. Mama Mdogo wako nimemwambia nachora dirisha. Maneno haya sitaki ayaandike yeye.

Nilikuwa nimekwambia uje. Barua ilipoondoka nilianza kuogopa kwamba utakuja. Geti likigongwa nadhani ni wewe na sanduku. Ilipofika barua kwamba umefaulu, nilikaa chini sakafuni. Mama Mdogo wako akauliza nini, nikasema njaa. Akaniletea chakula, nikala, machozi yanatoka. Yeye alijua, hakuniuliza.

Mwezi wa tatu uliniuliza swali, nami nilijibu kwa hasira ili nisilijibu. Uliuliza unachokijua ni chako au ni changu.

Ulipokuwa kwangu, ukitoka jioni mimi nilikuwa nabaki. Nilikuwa narudia kazi yako. Bawaba zako, komeo zako, na lile geti la kwanza ulilopiga nalo picha. Asubuhi unakuta kazi imetulia, unafurahi, nami natazama pembeni. Nilifanya hivyo miaka miwili. Wale watoto wako walikwambia. Mimi sikukwambia, wala sijui kama ulijua.

Mwaka wako wa tatu kwangu ulitengeneza dirisha la duka la dawa. Ulipoondoka nilichukua tupa kama kawaida nikalizunguka. Nikatafuta pa kuanzia, nikakosa. Nikawasha taa ya pili, nikalilaza chini, nikalikagua upya kila pembe. Nikakosa. Nikarudisha tupa mahali pake nikaenda nyumbani kula.

Tangu siku hiyo sijagusa kazi yako hata moja. Ilikuwa miaka kumi na mitatu, mpaka ulipokwenda chuo. Sikukwambia, kwa sababu kukwambia hilo ningelazimika kukwambia na lile la kwanza, nikaona haya, siku zikapita.

Dirisha lile bado lipo. Ni lako, na yote yaliyofuata ni yako.

Baba Mdogo